Pampu Ilikataa Kunywa kwa Sababu Yangu

Nianze na upumbavu wenyewe, ili mwenye kutaka kunicheka anicheke mapema tuendelee. Nilichukua mpira wa kifuniko cha pampu ya bwawa la kuogelea, mpira mpya, mweusi, unaovutika kama ulimi wa kinyonga, nikaukata kwa wembe nikatengeneza manati. Wallahi, sijawahi kushika manati nzuri kama ile. Halafu nikamdanganya mtu aliyeniamini, na mtu huyo leo analima mihogo Kuluba badala ya kufunga bolti Arua.

Mimi ni Rajabu, nina miaka kumi na sita, na nimestaafu. Msicheke. Nilitumikia klabu ya hapa mjini likizo tatu mfululizo, na kuna wazee waliotumikia serikali miaka thelathini bila kuharibu mambo kama nilivyoharibu mimi kwa likizo moja. Ninyi wa Form One mtakaoitwa kushika ufagio pale baada yangu, haya nawaandikia ninyi. Vyeo naviruka: nilianza na ufagio nikamaliza na ufagio, isipokuwa asubuhi moja ambayo nitaieleza kwa aibu. Mshahara nao nauruka, maana nao ulikuwa ukiniruka.

Kazi nilitafutiwa na mama. Alikwenda mwenyewe kwa Mzee Kenyi, fundi wa pampu, kwa sababu mama ni mtu wa Koboko na Mzee Kenyi pia ni wa kulekule, upande wa Kuluba. Walizungumza nini sikuambiwa. Niliambiwa tu nioge, nivae shati la shule, nifike kabla jua halijakaa sawa.

Nilimkuta Mzee Kenyi nyuma ya jiko la klabu, ndani ya kichumba cha pampu. Alikuwa mwembamba, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Alikuwa na pampu ile tangu bwawa lilipokuwa la Wazungu peke yao.

"Wewe nasoma mpaka wapi?"

"Form Two, Mzee."

"Form Two. Basi sema: maji napanda juu sababu gani?"

Nikaanza kumweleza mgandamizo wa hewa, jinsi mwalimu alivyotuchorea ubaoni, na mishale yake yote. Nilieleza vizuri hata mimi nikajipenda. Alisubiri mpaka nikamaliza, hakunikata hata kidogo.

"Vizuri," akasema. "Sasa shika ndoo."

Tangu siku hiyo jina langu pale likawa Sekondari.

Sasa sikilizeni, kazi yenyewe ni hii. Pampu yetu inakaa juu na maji ya bwawa yako chini. Ukiizima, maji yaliyo kwenye bomba yanateremka kurudi bwawani, na pampu inabaki na tumbo tupu. Pampu yenye tumbo tupu haivuti maji, inavuta upepo. Kwa hiyo kila asubuhi lazima uinyweshe: unafungua kizibo kidogo juu ya chungu cha chujio, unaweka faneli, unamimina ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka maji yafurike. Unafunga kizibo. Unawasha. Halafu unafungua valvu ya kutolea maji polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Mimi siku ya kwanza niliifungua kama mlango wa baa. Mzee Kenyi alizima, akanipa ndoo tena. Nilimimina ndoo kumi na mbili asubuhi hiyo, na hesabu hiyo naikumbuka kuliko hesabu zote za shule.

Chungu hicho cha chujio kina kifuniko kikubwa cha chuma, mduara kama sahani ya kulia, na chini ya kifuniko kuna mpira bapa wa kuzuia upepo. Hukifungui kila siku, ni Jumamosi tu, unapotoa kikapu cha ndani kuondoa majani na nywele. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Chungu kilikuwa changu, mabomba na mota vilikuwa vyake.

Vifaa vya Mzee Kenyi vilikuwa vichache. Spana nne, brashi ya kunyolea ndevu, kipande cha sabuni, na nondo fupi iliyong'aa upande mmoja. Upande uliong'aa aliuma kwa meno, upande wa pili aliugusisha kwenye mwili wa pampu, akafumba macho. Sauti ilipanda kupitia nondo mpaka ndani ya kichwa. "Sikia," alinipa nami niume, bila kufuta mate. "Kama imeshiba, naimba pua imefungwa. Kama nakula upepo, natafuna changarawe." Nilisikia kweli. Ilikuwa kama kuweka sikio kwenye tumbo la ng'ombe.

Sitadanganya kwamba nilikuwa mfanyakazi mwema. Niliwaambia watoto wa wakubwa waliokuja kuogelea kwamba dawa tunayoweka majini inageuza mkojo kuwa mwekundu, na kwamba mimi nina orodha. Wiki nzima walikuwa wakitoka majini kila dakika, wamebana miguu, wakikimbilia chooni. Mpishi alinipiga kwa mwiko. Mzee Kenyi aliposikia aliinama kukaza bolti iliyokuwa imekazwa tayari, na mabega yake yakatikisika muda mrefu.

Kitu kimoja alikuwa hachezi nacho. Ukimaliza kufunga kitu, lazima useme kwa sauti, "Nimefunga." Mwenzako anajibu, "Umefunga." Basi, imekwisha. Baada ya hapo hafungui kukagua. Nilimuuliza kwa nini asitazame kwa macho yake, si nusu dakika tu.

"Mimi nikitazama nyuma yako, kesho wewe utafunga nusu, utasema Mzee atatazama. Halafu siku moja mimi nachoka. Hapana. Mutu ikisema imefunga, imefunga."

Niliona ni ushamba wa mafundi wa zamani. Leo naona ulikuwa mzigo, na alinitwisha mimi akijua ni mzito.

Mpira wa zamani wa kifuniko ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino. Mpira mpya ulikaa miezi ukiombwa. Maduka ya vipuri ya Arua siku hizi yamebaki na rafu tu, toka Wahindi wenye maduka wafukuzwe. Mwishowe ulifika kutoka Kampala ndani ya mfuko wa shati la dereva wa lori. Mzee Kenyi aliuvalisha mwenyewe, akaupapasa kwa kidole pande zote. "Hii itafika mpaka wewe unaoa," aliniambia.

Ulifika mpaka Jumamosi.

Sababu yenyewe ni ndogo hata naona haya kuiandika. Jumapili ile tulikuwa na mashindano ya manati na vijana wa Ayivu, kupiga mkebe juu ya kichuguu. Mipira yetu yote ilikuwa ya tyubu za baiskeli zenye viraka juu ya viraka. Ukivuta inakukatikia usoni. Mimi niko peke yangu chumbani, kifuniko kiko wazi, na mpira ule unanitazama. Nikauvua. Mahali pake nikaweka duara nililokata kwenye tyubu kuukuu, nikaliunga kwa solusheni ya viraka, nikalipaka grisi mpaka likafanana na jipya. Nikafunga kifuniko. Mzee Kenyi alikuwa nje anaosha mikono.

"Nimefunga!"

"Umefunga."

Jumapili nilipiga mkebe mara tisa katika kumi. Vijana wa Ayivu walinibeba mabegani ingawa nilikuwa adui.

Jumatatu pampu ilikataa kunywa.

Mzee Kenyi alimimina maji, akafunga kizibo, akawasha. Pampu iliimba kidogo, ikakohoa, ikaanza kutafuna changarawe. Akazima. Akamimina tena, ikawa vilevile. Hakukasirika, mafundi wazuri hawakasiriki mapema. Alishuka kutazama maji ya bwawa kama yamepungua. Hayakupungua. Alitazama valvu ya kuvutia kama iko wazi. Iko wazi. Alifungua mwili wa pampu atazame kama majani yameingia kwenye panga za ndani. Safi. Kutwa nzima alifungua na kufunga, na mimi nikimpa spana kwa heshima kubwa, heshima ambayo ingemshangaza kama asingekuwa na shughuli.

Nilijiambia nitabadilisha usiku. Kubadilisha kwa kitu gani? Mpira ulikuwa vipande viwili na mti katikati.

Jumanne alitoa brashi ya kunyolea. Povu la sabuni unalipaka kwenye maungio huku pampu inazunguka; mahali penye tundu povu linavutwa ndani. Alipaka maungio ya bomba moja baada ya jingine, akalala chali chini ya mota, povu likimdondokea kwenye nyusi.

"Sekondari, kifuniko iko yako. Paka."

Nikapaka. Lilikuwa linaingia. Niliona kwa macho yangu vipovu vimejipanga ukingoni mwa kifuniko, vinazama kimoja kimoja, kama watoto wanaotoroka shule chini ya ua.

"Iko namna gani?" aliniuliza kutoka chini ya mota.

"Imetulia, Mzee."

"Imetulia?"

"Imetulia."

Hakutoka kuja kutazama. Ilikuwa hatua mbili tu. Niliomba aje, na niliomba asije, vyote pamoja, na kanuni yake ikanijibu.

Baadaye aliuma nondo, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mate yakamtoka. Kisha akatikisa kichwa.

"Masikio nasema upepo iko karibu. Iko hapahapa. Lakini povu nasema hapana." Akaitazama nondo kama mtu anayetazama mbwa wake aliyemuuma. "Labda mimi nazeeka."

Hapo ndipo pa kusema. Ninyi mtakaosoma, mkifika mahali kama hapo, semeni, hata kama meno yatang'oka. Mimi nilisema, "Labda bomba la chini, Mzee."

Ni mimi niliyesema. Si yeye.

Bomba la chini linapita ndani ya saruji, kutoka bwawani mpaka chumba cha pampu. Kama juu kote kumetulia, basi tundu liko chini. Akili yake ilikwenda sawasawa, ila iliwekwa juu ya uongo wangu. Jumatano na Alhamisi alivunja sakafu kwa nyundo kubwa na mtaimbo. Vigae vya kijani vya kandokando ya bwawa, ambavyo havipatikani tena popote, vilitoka vipandevipande. Maji ya bwawa yalikuwa ya kijani kama sombe, mboga ya majani ya mhogo. Vyura walishaingia na kuanza maombi. Nami nilibeba kifusi. Kila karai nililobeba nilijua ni la bure, na nilibeba kwa bidii ili nisifikiri.

Ijumaa bomba likaonekana lote. Halikuwa na hata mkwaruzo.

Meneja wa klabu alifika akiwa amevaa suti, kwa sababu Jumamosi tulikuwa tunategemea wageni wakubwa kutoka Kampala. Alitazama handaki. Alitazama vyura. Alikuwa mtu wa kupiga kelele, lakini siku hiyo alisema polepole.

"Kenyi. Wewe iko na miaka mingapi na hii pampu?"

"Mingi, Bwana Meneja."

"Na wewe navunja klabu yangu, siku ya kesho wageni iko hapa? Hii si pampu. Hii ni hujuma."

Kwenye meza ya karibu walikaa watu wawili wenye miwani myeusi, wanakunywa soda. Hawakugeuka. Ila mmoja aliiweka chupa chini. Ninyi mnajua neno hilo lina uzito gani mwaka huu. Mtu anaweza kuitwa hivyo asubuhi na jioni mkewe akawa anamuulizia vituo vya polisi. Mzee Kenyi alivua kofia.

"Bwana Meneja, mimi nimekosa. Masikio yangu imekufa. Hiyo tu. Hapana kitu ingine."

"Basi enda. Enda leo, mimi nisikuone."

Nadhani Meneja naye aliogopa neno lake lilipokwisha kutoka, na alimfukuza haraka ili asije akalazimishwa kufanya zaidi. Mzee Kenyi alifunga spana zake kwenye kitambaa, akafunga kitambaa kwenye baiskeli. Nondo aliiacha ukutani. Nilimkimbilia nayo mpaka getini.

"Weka," akasema. "Ya nini kwangu?" Halafu akanigusa bega. "Wewe nabeba kifusi vizuri, Sekondari. Asante."

Jumamosi asubuhi Meneja alinikuta chumba cha pampu nikiwa peke yangu. Mpishi alikuwa amenipa ugali wa mhogo uliolala, na ugali wa mhogo uliolala, kama mmeula, mnajua unavutika kuliko mipira yote ya dunia. Nilikuwa nimeukanda na grisi, nimeusokota kama kamba, nimeuzungusha chini ya kifuniko juu ya lile duara langu la uongo, na kukaza bolti. Nikamimina ndoo tatu. Nikawasha. Pampu ikanywa mara moja, ikaimba pua imefungwa, mshale wa geji ukapanda ukakaa.

"Mutoto hii!" Meneja alipiga makofi, akawaita wapishi waje waone. "Siku tano fundi nachimba, na mutoto ya shule nafanya dakika tano! Kuanzia leo wewe ndiyo fundi ya pampu!"

Hicho ndicho cheo nilichosema naona haya. Wapishi walicheka. Mmoja akasema, "Kumbe mzee alikuwa kiziwi kweli," na wengine wakaitikia, na mimi nikasimama pale na grisi mikononi, nikatabasamu. Tabasamu hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Wageni wakubwa hawakuja. Walituma ujumbe kwamba safari imeahirishwa.

Jumapili mama alikuwa barazani anashona tabaka, yale mafuniko ya rangi ya kufunikia chakula. Nikamwambia yote, kuanzia wembe mpaka ugali. Nilitegemea kofi. Sindano ilisimama tu katikati ya ukindu. Akauliza, "Kenyi iko Kuluba?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kesho."

Tulipanda lori la chumvi mpaka Koboko, tukatembea yaliyobaki. Mzee Kenyi tulimkuta shambani, kaptula yake ya kaki haina pasi. Alifurahi kutuona, akaita mkewe alete maji. "Karibu, Mama Rajabu! Na Sekondari! Pampu imekunywa?"

Nikapiga magoti kwenye matuta ya mihogo nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yakapotea yote. Nilisema kwa fujo, manati kwanza, povu baadaye. Hakunikata. Nilipomaliza alikaa juu ya mpini wa jembe.

"Povu," akasema. "Ilikuwa naingia?"

"Ilikuwa inaingia, Mzee."

"Upande gani?"

"Upande wa mota. Karibu na bolti ya tatu."

Alifumba macho kama anauma nondo. "Bolti ya tatu," akasema polepole. "Mimi nilisikia hapo. Jumanne, mimi nilisikia hapohapo."

Uso wake ukafunguka, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata kitu alichokuwa amekizika. Nikadhani nimesamehewa. Halafu kicheko kikaisha.

"Mimi hapana rudi," alimwambia mama, si mimi. "Hata wakiita. Ile neno Meneja alisema, mutu hapana rudi nyuma yake. Kulima si taabu, Mama Rajabu, baba yangu ililima. Taabu ni moja. Watu mzima ya Arua nasema Kenyi alivunja klabu sababu masikio imekufa. Hiyo ndiyo nakaa hapa." Akagusa chini ya koo.

Mama aliomba msamaha. Mke wake alitupa mihogo ya kubeba, na kubeba mihogo ya mtu uliyemfukuzisha kazi ni adhabu ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote cha sheria za shule. Tulirudi barabarani tukasubiri lori. Mpaka tunakaribia Arua nilikuwa nimeanza kufikiri labda imekwisha. Tuliposhuka sokoni akaweka mihogo chini, akanigeuza kwa mabega nimtazame, akasema hivi, na nayaandika kama yalivyotoka:

"Kesho asubuhi wewe nakwenda kwa Meneja, unasema yote, mbele ya watu yote ya jikoni, mpaka ile bolti ya tatu. Mimi nitasimama nyuma yako. Kama wanakufunga, nitaleta chakula."